Sindano ya naltreksoni ya wiki nne: naipa nyota 4 kati ya 5

Naltreksoni ni dawa ya kumsaidia mtu kuacha pombe. Vidonge vyake vya miligramu 50 ni vya kila siku, na siku mtu anapoutamani mnazi ndiyo siku kidonge kinaporukwa. Sindano hii (Vivitrol, miligramu 380) hudungwa mara moja kila wiki 4. Haimtapishi anayekunywa, tofauti na disulfiramu, dawa nyingine ya kuachia pombe. Huzima ile raha inayomrudisha mangwe (kilabu cha mnazi). Mitetemeko ya kuacha pombe haiitibu, hiyo ina dawa yake, na sindano ya kwanza apewe mtu aliyekwisha kuacha kunywa.

Nyota moja naikata kwa usumbufu wa kuitayarisha. Hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji mwisho siku 7, tena joto lisipite nyuzi 25. Chumba gani Malindi mwezi Machi kina nyuzi 25 bila eyasi (kiyoyozi)? Stima ikipotea, ihamishie kwenye kibaridi mapema, ila isigande.

Toa boksi dakika 45 kabla. Gonga kichupa mezani mpaka poda ilegee, tia mililita 3.4 za maji yake, halafu tikisa kwa nguvu dakika nzima. Nzima kwa saa, si kwa kukisia. Iwe kama maziwa, bila madonge. Vuta mililita 4.2, badilisha sindano, toa hewa mpaka zibaki 4, dunga hapo hapo. Ukizubaa chembe hutuama na sindano huziba. Ndiyo maana boksini mna za akiba. Usitie sindano yoyote isiyotoka boksini.

Ni msuli wa tako: inchi 1.5 kwa mwembamba, inchi 2 kwa mnene. Ikiishia kwenye mafuta huacha donge gumu, na mara nyingine nyama huoza. Mwezi ujao, tako la pili.

Kwetu pwani swali la unga (heroini na dawa za jamii yake) lazima liulizwe, hata kwa mzee wa heshima. Naltreksoni huzizuia dawa hizo. Heroini, kodeini, tramadoli: siku 7 hadi 10 bila kugusa, la sivyo arosto (mateso ya kukosa unga) humshika vibaya, na dawa ikishaingia haitolewi. Aliye kwenye methadoni, dawa ya jamii hiyo wanayopewa wanaoacha unga, asidungwe kabisa. Na abebe kadi mfukoni: akivunjika mguu, morfini ya kawaida haitamtuliza, daktari ajue kwa nini.

Vipandikizi vya disulfiramu chini ya ngozi sivipi hata nyota moja. Dawa inayofika kwenye damu ni haba mno.