Fimbo ya kuvulia ya futi 10 na nusu au ya futi 9 kwa samaki aina ya trauti?

Mto Gura unashuka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare nchini Kenya, na trauti, waliopandikizwa humo mwaka 1905, hupenda kukaa chini, nyuma ya mawe. Hapo ndipo fimbo ya futi 10 na nusu, namba 3 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa fimbo), inaponipa raha. Ncha yake ni laini kiasi kwamba chambo cha kuzama chenye shanga ya tangsteni, metali nzito, kikigusa jiwe nalihisi mkononi. Samaki akionja tu, kile kipande cha uzi wa rangi kali kinachobaki juu ya maji kinasita kidogo, nami nainua mkono papo hapo. Kwa urefu ule naushikilia mshipi karibu wote hewani, mkondo usikiburute chambo.

Ila jaribu kumrusha nzi bandia wa kuelea umbali wa mita 12 kwa fimbo hiyo! Mshipi wake mwembamba hauna uzito wa kumbeba, na upepo wa mlimani unamrudisha usoni mwako. Ya futi 9, namba 4, yenye mshipi wa kawaida, inamtua taratibu, na chambo kidogo kikining'inia sentimita 50 chini yake. Nzi akizama ghafla, vuta. Vichakani pia hainasi ovyo kwenye matawi.

Mwenye pesa ya fimbo moja tu, namshauri atafute ya futi 10, namba 4, isiyo laini kupindukia. Kwa umbali wa mita 6 hadi 8 itafanya kazi zote mbili vizuri.