Kadi za Mwana Kupona: darasa lilichangamka, ila karatasi jamani!

Nilinunua hizi kadi za kufundishia Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi la wosia wa mama kwa bintiye, hapa Kisumu tauni, mia nane hamsini, nikadhani nimepigwa. Kumbe wapi. Unagawa vipande, kila kikundi kinapanga ubeti kwa kufuata vina, yaani sauti za mwisho wa kila mstari, vitatu vya kwanza vifanane halafu cha mwisho kiende na kile kinachopita utendi mzima, na kelele ilikuwa ya soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Penye utamu ni kupiga makofi kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari. "Negema wangu binti", nusu ya darasa wakapata saba, nusu nane, vita! Mpaka msichana mmoja wa nyuma, hata huwa haongei, akasema ile n ya "binti" inajisimamia, bi-n-ti, basi ni nane. Nikanyamaza tu.

Sasa ubaya: karatasi ni nyepesi kama ya chapo, wiki moja pembe zishaisha. Na maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, hayajafafanuliwa, watoto wanauliza "upulike" ni nini, mimi ndio kamusi, ni usikilize. Huu ni utendi wa 1858, wangeweka hata karatasi moja ya maelezo. Nyota nne kwa tano.