PRF kwenye tundu la gego la mwisho, uzoefu wangu

Nimeng'oa magego ya mwisho mawili ya chini, la kulia mwaka juzi bila kuwekewa kitu, la kushoto mwaka jana kwa PRF, yaani bonge linalotengenezwa kwa damu yako mwenyewe na kuwekwa kwenye tundu la jino, kwahiyo naweza kulinganisha kidogo maana mdomo ni huohuo.

La kulia sitaki hata kukumbuka. Siku mbili za kwanza niko poa nakunywa uji wangu, ya tatu usiku maumivu yakapanda mpaka sikioni, panado hazifui dafu, na mdomo unanuka mpaka mwenyewe najisikia. Kumbe lile bonge la damu linalotakiwa kukaa kwenye tundu limetoka, mfupa uko wazi, ndo wanaita drai soketi. Na mimi nilisukutua jioni ileile ya kung'oa, hakuna aliyeniambia nisisukutue, nilipewa vidonge na risiti basi. Niliporudi wakasafisha wakajaza dawa inanukia karafuu kama sufuria la pilau, ikatuliza fasta, ila hiyo inatuliza tu, haioteshi mfupa.

La kushoto nikahamia kliniki nyingine. Kabla ya ganzi wakanitoa damu mkononi, vichupa viwili, havina dawa ya kuzuia kuganda kwahiyo nesi alivikimbiza kwenye mashine ya kuzungusha kama anawahi daladala. Dakika kama 12 hivi. Kilichotoka juu ya damu ni kitu cha njano kinatetemeka kama ute wa yai lililoiva nusu, chini kimeshika wekundu. Ndo fibrini hiyo, nyuzi za protini zinazogandisha damu, imebeba chembe sahani (chembe za damu za kuziba kidonda) zako mwenyewe. Wakaibana ikawa bapa, jino lilipotoka wakaisokomeza kwenye tundu wakashona nyuzi mbili. Kuwekwa hukusikii kitu, mdomo wote ganzi.

Matokeo sasa. Uvimbe ulikuwepo, tusidanganyane, shavu lilijaa siku mbili tatu. Lakini ile siku ya tatu niliyokuwa naiogopa ikapita kimya, vidonge niliacha siku ya nne, fizi ikafunga mapema. Sasa sijui ni PRF au ni kwa vile safari hii sikusukutua siku ya kwanza wala kunyonya juisi kwa mrija, pengine vyote.

Kuhusu mfupa, ambao ndo wanautangaza sana, hapo sikuona maajabu. Eksirei ya kulia nilipiga mwezi wa nne baada ya kung'oa ili wapange la pili, na ya kushoto nikapiga mwezi wa nne vilevile, daktari akaziweka pamoja kwenye kompyuta, kivuli cha tundu karibu sawa, pande zote mfupa unajaa kuanzia chini na kwenye kuta. Mwenyewe akasema inachukua miezi mitatu mpaka sita uweke usiweke, faida kubwa ni kulinda tundu wiki ya kwanza.

Bei ilizidi ya kung'oa jino lenyewe. Kwa gego la chini lililolala ningelipa tena. La juu likinisumbua nang'oa hivihivi, huko drai soketi ni nadra.