Kigeuze uone chini: siku zangu nne za manunuzi Copenhagen

Babu yangu alikuwa akiwamba vitanda vya kamba Tanga, na nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumshikia tendegu ili kitanda kisiyumbe huku yeye akivuta. Kwa hiyo niliposimama mbele ya kiti cha Hans J. Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, ndani ya Illums Bolighus, duka la samani na vyombo pale uwanja wa Amagertorv, nilipiga magoti kwanza nikaangalia chini yake. Ni kile kiti wanachokiita Y kwa umbo la ubao wa mgongoni. Wegner alikibuni mwaka 1949, na Carl Hansen & Søn wanakitengeneza tangu 1950. Pa kukalia pamewambwa kwa mkono, kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, mita 120 hivi kwa kiti kimoja. Kamba zinatoka pembe zote nne, zinalala sambamba hadi zinakutana katikati, na hata huku chini usikokuona ukiwa umekaa, kazi ni safi. Mhudumu aliniacha nikigeuze nitakavyo, wala hakuniharakisha. Kwa hilo peke yake duka lile nalipatia alama za juu.

Kipya sikukiweza. Bei ni ya maelfu ya kroner, fedha ya Denmark, na ndani yake mna kodi ya asilimia 25. Kama huishi Umoja wa Ulaya unaweza kurudishiwa sehemu ya kodi hiyo ukinunua kuanzia kroner 300 katika duka moja, mradi uombe fomu palepale na uishughulikie uwanja wa ndege kabla ya kuondoka. Vitu vilivyotumika mara nyingi havina marejesho hayo, kwa hiyo msipige hesabu kwa kuyategemea.

Dada yangu anaishi Nørrebro, kitongoji cha mji huo, na ndiye aliyenipeleka Ravnsborggade, mtaa wa maduka ya vitu vya kale. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta milango mingi imefungwa. Mtaa ulichangamka mchana. Humo nilitafuta vikombe vya Royal Copenhagen, vile vyeupe vyenye michoro ya buluu, kazi ya kiwanda kilichoanza mwaka 1775. Ukikigeuza kikombe utaona mawimbi matatu ya buluu, ishara ya milango mitatu ya bahari ya Denmark. Angalia kama kuna mkwaruzo uliokatiza juu ya mawimbi hayo: ni kiwanda chenyewe kimekiweka daraja la pili kwa sababu ya kasoro ndogo. Mimi nilichukua viwili vya hivyo kwa furaha, kasoro yenyewe ni kidoti cha rangi, na bei ilishuka karibu nusu.

Sasa jeraha langu. Katika duka moja, silitaji, nilinunua bakuli nikiambiwa ni zima. Nyumbani kwa dada nikaligonga kwa kucha. Chombo kizima hulia kama kengele. Hili lilitoa sauti ya kopo. Tulipolisogeza dirishani tukaona ufa umezibwa na kupakwa rangi juu. Nilirudi nalo, muuzaji akasema mauzo yamekwisha. Iliniuma, kwa sababu kuuza chombo kilichozibwa si vibaya, mradi umwambie mtu. Gongeni kabla ya kulipa.

Samani za zamani za mbao ya palisander zinavutia mno, za hudhurungi zenye mistari myeusi. Kama ni palisander ya Brazil, mti huo ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu, na tangu 1992 uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Kuitoa nchini bila kibali ni kujitafutia kesi. Muulizeni muuzaji karatasi zake.

Kwa nguo sikukaa sana Strøget, barabara ya maduka ya katikati ya mji. Barabara ni nzuri kutembea, lakini mengi yaliyopo utayakuta mji wowote wa Ulaya. Nilipata raha kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, kama ya Msalaba Mwekundu, ambako nguo zimepangwa kwa rangi na zinanukia sabuni. Niliondoka na koti la sufu ambalo bitana yake imeshonwa vizuri kuliko koti lolote nililowahi kuvaa.

Jumamosi tulikwenda gulio la vitu vya zamani nyuma ya ofisi za manispaa ya Frederiksberg. Hapo bebeni fedha taslimu. Wenyeji hulipana kwa simu kupitia MobilePay, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko hawezi kujiunga. Nilijiona kama mtu aliyeingia Kariakoo bila M-Pesa. Bei inazungumzika, kwa upole na mara moja tu. Nilipoomba kupunguziwa mara ya tatu, mama muuzaji alinyamaza kabisa, dada akanivuta mkono.

Vikombe vimefika Dar vizima, vimeviringishwa ndani ya lile koti, na tunavinywea kahawa. Kiti bado. Kamba ya karatasi inauzwa kwa marobota, nimeshaulizia. Safari ijayo natafuta kiti cha Wegner ambacho pa kukalia pamechanika, maana hicho huuzwa kwa bei ya chini, na nitakiwamba mwenyewe.