Wakili wa grini kadi ya mume wangu: nampa nyota tatu, na nusu ya pili ya kesi tulimaliza wenyewe

Ndugu zangu mnaoniuliza kila siku kama lazima uwe na wakili ndio umlete mume au mke Marekani, jibu ni hapana, sheria haikulazimishi, fomu zote ziko bure kwenye tovuti ya USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, na kila fomu ina maelekezo yake. Ila mimi nimepita njia zote mbili kwenye kesi moja, I-130 (fomu ya kwanza ya kumwombea mwenzi) na wakili, halafu kuanzia NVC (kituo cha viza cha Marekani kinachopokea kesi I-130 ikishapita) mpaka intavyuu ya viza Nairobi tukaenda wenyewe, kwa hiyo naweza kusema pesa yangu ilifanya kazi wapi na wapi haikufanya.

Mimi ni raia wa Marekani, mume alikuwa Kenya. Ofisi ya wakili ilitutoza dola 2,500, hapo ada ya serikali haimo. Ada ya I-130 tangu Aprili 2024 ni dola 675 ukituma karatasi na 625 ukijaza onlaini. Wao walituma karatasi na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyeniambia kuna njia ya bei nafuu zaidi. Ni dola 50 tu lakini mteja anastahili kuambiwa.

Sasa kilichokuwa kizuri, na hapa nasema ukweli kabisa, ni ile saa ya kwanza na wakili mwenyewe. Alimhoji mume wangu kwa video swali baada ya swali, umewahi kunyimwa viza, umewahi kukamatwa popote, kuna ndoa ya nyuma na talaka yake iko wapi, ulipokuwa mwanafunzi Marekani uliondoka lini na ruhusa yako ya kukaa iliisha lini. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa linatunyima usingizi, kwa sababu mtu akikaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 halafu akatoka anaweza kuzuiwa kuingia Marekani miaka 3, na akifikisha mwaka au zaidi ni miaka 10, hata kama ameoa raia. Wakili akaangalia zile karatasi za shule, tarehe za kuondoka, akatuambia hamna shida hapa, endeleeni. Kwa saa hiyo moja ningelipa tena bila kusita.

Baada ya hapo hatukumwona tena, tukabaki na msaidizi wake. Na kazi aliyofanya msaidizi ilikuwa kunitumia orodha ya karatasi nizitafute MIMI, kisha kuhamisha majibu yangu kwenye fomu. Picha za harusi, risiti za kutumiana pesa, tiketi za ndege, meseji, vyote nilikusanya mwenyewe na kuvipanga mwaka kwa mwaka. Waliponitumia fomu nisaini nikakaa mezani na pasipoti ya mume upande mmoja na cheti chake cha kuzaliwa upande mwingine nikasoma mstari kwa mstari, nikakuta wamemwandika majina mawili kama yalivyo kwenye cheti wakati pasipoti ina matatu, na lile la tatu hawakuliweka hata pale panapouliza majina mengine aliyowahi kutumia. Walirekebisha siku ileile, sawa, lakini nisingesoma ingeenda hivyohivyo. Tafadhali someni kabla ya kusaini, sahihi ni yako na unaapa kwamba kila kilichoandikwa ni kweli, wakili hasaini kwa niaba yako.

I-130 ilipopita wakataka dola 1,000 zaidi kwa hatua ya NVC. Tukakataa kwa heshima. Kule unalipa dola 325 za viza na 120 za fomu ya udhamini, mume anajaza DS-260, fomu ya kuomba viza yenyewe, onlaini, mnapakia cheti cha ndoa, cha kuzaliwa, cha tabia njema kutoka polisi. Kwa kweli kama umejaza fomu ya chuo au ya kodi hii haikushindi. Pagumu ni I-864, udhamini wa pesa, maana lazima kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa watu wawili mwaka 2025 ilikuwa kama dola 26,437, na ukiwa na watoto inapanda. Wanaangalia kipato chako cha SASA pia, kwa hiyo mimi niliyebadilisha kazi niliambatanisha barua ya mwajiri na hati za mshahara juu ya zile nakala za kodi ambazo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanakupa bure kwenye akaunti yako. NVC hawakuturudishia kitu turekebishe.

Mwenye faili safi, yaani ndoa moja, hakuna polisi, hakuna historia ya viza yenye utata, alipe wakili ushauri wa saa moja tu na ajaze mwenyewe. Lakini kama mwenzako aliingia bila kukaguliwa mpakani, amewahi kufukuzwa nchini, amekamatwa hata kesi ikafutwa, alidanganya kwenye viza, au aliwahi kuombewa grini kadi na mwenzi mwingine kabla yako, hapo usijaribu peke yako, tafuta wakili wa uhamiaji na ulipe kesi nzima. Hawezi kulipa? Kuna mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi walioidhinishwa na wizara ya sheria ya Marekani, wanatoza kidogo au bure. Wale majamaa wa kujaza fomu wanaojiita wataalamu wa uhamiaji waepukeni, wakikupa ushauri wa sheria bila leseni au idhini hiyo wanavunja sheria, na kesi ikiharibika ni mwenzi wako anayeumia.

Mume amefika. Kwa kuwa ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2 alipoingia, kadi yake ni ya masharti, ya miaka 2, na I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, tutaituma ndani ya zile siku 90 kabla haijaisha. Hiyo pia tunajaza wenyewe, tayari lizi ya nyumba na bima ya gari zina majina yetu wote wawili.