Mwaka wa nne na katambuga zangu: uzoefu wa msoma mita

Nimezipindua katambuga zangu, sendo za tairi kuukuu, hapa mlangoni ili nizitazame vizuri ninapoandika. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, maana ndivyo ninavyokanyaga tangu utotoni. Katikati ya soli, pale ambapo uzito wa mwili haufiki sana, meno ya tairi bado yanaonekana. Misumari ni 14 kila mguu, na mitatu kati ya ile ya kulia ni mipya, bado inang'aa. Ukanda wa kisigino wa kushoto nao si ule niliouziwa. Vingine vyote ni vilevile vya Januari 2022.

Nilizinunua Arusha, pembeni ya soko la Kilombero, kwa shilingi 12,000. Nilikuwa nimekwenda msibani na viatu vya kufunika vikanitoa malengelenge, nikawa natafuta chochote cha kurudi nacho Dar. Mzee aliyekuwa amekaa chini na rundo la vipande vya tairi aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasoma mita za maji, kazi yangu ni ya mguu. Hapo akaweka kando jozi zilizokwisha tengenezwa, akanisimamisha juu ya kipande kipya cha tairi na kuuzungushia mguu wangu chaki.

Sikuwahi kabla ya siku ile kuona kiatu kikikatwa kwa kipimo cha mguu wangu mwenyewe. Kisu chake kilikuwa kifupi, kimenolewa mpaka kimebaki wembamba wa kidole, na baada ya kila mkato alikichovya kwenye kopo la maji. Nilipouliza akaniambia mpira mkavu unakamata kisu, ukilowa unakiachia. Alinionyesha pia kipande cha tairi la waya, ambalo nyuzi zake za chuma zilikuwa zimechomoza pembeni kama miiba ya samaki. Hilo halitumii. "Linaumiza kisu kwanza, kisha linaumiza mguu." Anachotafuta ni tairi la nailoni, na siku hizi halipatikani kirahisi kwa sababu magari mengi yanavaa ya waya.

Utengenezaji wenyewe ni mwepesi kueleza. Soli ni kipande kimoja. Kanda zimekatwa kwenye mpira wa ndani, ule tunaouita tyubu. Ncha za kanda zinaingizwa kwenye mpasuo uliokatwa ubavuni mwa soli, halafu zinapigiliwa misumari mifupi. Hakuna gundi, hakuna uzi, na hakuna kilichofichwa. Ukikishika kiatu mkononi unaona kila kiungo.

Njia zangu ni Tandika, Mtoni na Mbagala, kilomita nane au tisa kwa siku, na masika zaidi ya hapo kwa sababu ya kuzunguka madimbwi. Kabla ya katambuga nilikuwa namaliza sendo za mpira wa povu tano kwa mwaka, za shilingi 7,000 hadi 8,000 kila jozi. Ndala ndizo hazikufika popote. Kila aliyevaa ndala anajua zinavyokufa: soli bado nzima, lakini kile kifundo cha gidamu kimepanua tundu lake na kinachomoka kila hatua. Unapitisha msumari chini ya kifundo ili kisirudi, unatembea nao wiki mbili, kisha unatupa. Soli inayotupwa haijalika hata nusu yake.

Na zinakokwenda tunakujua, kwa sababu povu lile linaelea. Nenda ufukwe wowote baada ya mvua kubwa uone ndala za kila rangi zimejipanga kwenye mstari wa mwani. Kule Lamu walikusanya plastiki tani 10 na ndala zipatazo 30,000, wakaundia jahazi zima, Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Nililitazama kwenye picha nikiona fahari na uchungu kwa pamoja. Kila kipande cha rangi kwenye ubavu wa jahazi lile kilikuwa kiatu cha mtu ambaye gidamu yake ilichomoka.

Katambuga zangu nazo zilikatika, nisije nikaonekana nauza maneno. Julai 2023, nikiwa Mtoni kwa Aziz Ally, ukanda wa kisigino wa kushoto ulichanika pale unapoingia kwenye soli. Hatua chache mbele kulikuwa na fundi viatu chini ya mwembe. Sikumweleza lolote. Aliuangalia, akang'oa misumari miwili kwa koleo, akakata ukanda mwingine kwenye tyubu ya bodaboda, akaupigilia. Dakika kumi, shilingi 1,000. Masika ya mwaka uliofuata misumari mitatu ya kulia ikaoza kwa kutu, nayo ikabadilishwa kwa shilingi 500. Hiyo ndiyo gharama yote mpaka leo: 13,500 kwa miaka mitatu na zaidi, wakati sendo za povu zingenila zaidi ya laki moja.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwa nini katambuga hizi ni nzuri. Mwaka 2024, baada ya kuona nimezizoea, nikaamua kununua jozi ya pili iliyo nadhifu zaidi, ya kuvaa kwenye vikao. Niliziona mtandaoni: sendo za soli ya tairi, kanda za kitambaa, zimefungwa kwenye boksi la karatasi ya kaki lenye jani la kijani, na maelezo marefu kuhusu kuokoa mazingira. Shilingi 48,000. Nililipa kwa moyo mweupe nikiamini naunga mkono jambo ninaloliamini.

Zilidumu wiki 11. Tairi lilikuwa tabaka jembamba tu lililobandikwa chini ya povu, na kanda zimebanwa katikati ya povu na tairi kwa gundi. Mvua ya pili ikaachanisha tabaka, ukanda ukachomoka. Nikampelekea fundi wangu wa Tandika. Alizikunja huku na huku, akaingiza kidole kwenye mwanya, akaniambia: "Dada, ukanda umezikwa humu. Nikiufuata itabidi nibomoe kiatu chote." Akajaribu gundi yake, ikashika siku tano. Nilipowaandikia waliouza nilijibiwa kwa upole kwamba nitapewa punguzo nikinunua jozi mpya. Niliusoma ujumbe ule mara kadhaa. Nilikuwa nimeuliza namna ya kutengeneza, nikajibiwa namna ya kununua.

Malighafi ilikuwa ileile, tairi kuukuu. Kilichotofautiana ni viungo. Mzee wa Kilombero alijua tangu mwanzo kwamba ukanda ndio utakaokatika kwanza, basi akauweka mahali ambapo mtu yeyote mwenye nyundo na koleo anaufikia. Waliotengeneza sendo za boksi walifikiria siku ya kuuza: kiatu kisionyeshe msumari, kipendeze kwenye picha. Hivi ndivyo karibu kila kitu tunachouziwa siku hizi kinavyotengenezwa, kuanzia simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi hadi blenda isiyo na skrubu. Neno "rafiki wa mazingira" kwenye boksi halisemi chochote mpaka ujue kitu hicho kinafunguliwaje.

Na uimara huo una uzito kuliko nilivyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipima jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Walikuta vipande 65, hatua zaidi ya 360 za kuviunganisha, na takribani kilo 14 za hewa ukaa kwa jozi moja. Zaidi ya theluthi mbili ya hewa hiyo ilitokana na kutengeneza kiwandani. Kwa hiyo mzigo mkubwa unakuwa umeshatoka kabla hujakivaa kiatu, na njia ya kuupunguza ni kukivaa miaka mingi badala ya kununua kingine. Dunia inatengeneza zaidi ya jozi bilioni 20 za viatu kila mwaka. Zangu zilihitaji kisu, kopo la maji na alasiri moja ya mzee.

Kuhusu tairi lenyewe, kazi yangu imenionyesha mengi. Mita nyingi ziko nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiko tairi zinakotupwa. Masika nazikuta zimejaa maji, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vinachezacheza. Mbu aina ya Aedes wanaoeneza dengue wanapenda mno sehemu kama hizo, na Dar tumepata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mimi nililala siku tisa ule wa 2019, nikihisi mifupa inasagwa. Tangu hapo kila nikikuta tairi lina maji nalipindua, mwenye nyumba akiwepo namwambia sababu. Wengine huzichoma wapate waya wa kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na moshi ule mweusi unaingia vyumbani mwa majirani wote.

Kuliyeyusha tairi haiwezekani kama tunavyoyeyusha ndoo. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira kwa salfa na moto, mpira uliokwisha kupikwa hivyo haurudi nyuma, kama ugali ulioiva usivyoweza kurudi unga. Ndiyo maana kisu cha mzee kina maana: analichukua tairi lilivyo, bila moto, na ule ugumu unaowashinda wengine kwake ndio faida.

Lakini sitasema ni kitu safi, kwa sababu si kweli. Mwaka 2020 wanasayansi wa Marekani walieleza kwamba kemikali inayotiwa kwenye tairi lisipasuke, ikikutana na ozoni hewani, hugeuka sumu inayoua samaki aina ya coho pale maji ya mvua yanapoisukuma toka barabarani hadi mitoni. Ile sehemu ya kisigino changu iliyolika iko kwenye mchanga wa Temeke. Najua ni chembe ukilinganisha na daladala moja kwa siku moja, lakini ipo.

Kasoro nyingine za kuzivaa nitazitaja bila kuzipunguza. Ni nzito, na wiki ya kwanza nyama za miguu zitauma. Wiki mbili za mwanzo nyayo zangu zilikuwa nyeusi kila jioni, rangi isiyotoka kwa sabuni ya kawaida mpaka usugue kwa jiwe. Mchana wa jua kali soli inapata moto, hivyo nikizivua nje naziacha kivulini. Mara moja msumari ulichomoza ndani ukanitoboa. Siku hizi kila Jumapili napitisha kidole ndani, na nikigusa ncha naigonga kwa jiwe. Kwenye vigae vyenye maji nazo nazitembelea kwa tahadhari.

Kasoro iliyoniuma zaidi haiko kwenye kiatu. Mama yangu alipoziona mara ya kwanza alinyamaza, halafu akaniuliza kama nimeishiwa. Mlinzi wa ukumbi mmoja wa harusi alinirudisha getini. Katambuga kwa wengi wetu ni kiatu cha mchunga mifugo, cha mtu ambaye hakuwa na chaguo. Na ilhali Addis Ababa, Bethlehem Tilahun Alemu alichukua viatu vya tairi vya Kihabeshi vya aina hiihii, akaanzisha soleRebels na kuviuza nchi za mbali, wateja wakilipa dola. Sisi tunamwona mzee wa Kilombero tunapita. Nimemjibu mama kwamba sijaishiwa, na mwaka jana nikamletea jozi zake kutoka Arusha. Anazivaa bustanini. Kanisani hajazivaa bado.

Ukitaka kununua, kunja soli kwa mikono miwili na uangalie ukingo: ukiona ncha za chuma, rudisha. Zivute kanda kwa nguvu mbele ya muuzaji, hatachukia akiwa anaiamini kazi yake. Omba upimwe mguu, kwa sababu jozi zilizokwisha katwa huwa pana mno. Kama ataweza kukupa kipande cha ziada cha tyubu, kiweke mkobani.

Jumamosi nazipeleka Tandika. Fundi amenitengea kipande cha tairi la pikipiki cha kupigilia chini ya kisigino cha kulia, upande wa nje, na amesema atanitoza 2,000.