Mafunzo ya kujihami kwa watoto hapa Mbeya: mpeleke, ila si kwa ajili ya mateke

Wazazi wenzangu mmekuwa mkiuliza kama haya mafunzo ya kuchanganya karate, judo, jujitsu na ngumi yanawafaa watoto. Binti yangu wa miaka 9 anahudhuria ukumbi mmoja hapa mjini, na mdogo wake wa miaka 6 alianza naye. Jina la klabu naliacha, maana nina ya kusifia na nina ya kulalamikia. Ada ni Sh 25,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Sare si lazima mwanzoni, anaweza kuanza na nguo zake za michezo za shule.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kuanguka. Wiki za mwanzo hawakugusa ngumi kabisa. Chini ni saruji, juu yake magodoro membamba yaliyofunikwa turubai. Mtoto anachuchumaa, kidevu anakibana kifuani, anajiachia kwa mgongo, na mikono yote miwili inapiga turubai kwa pamoja huku kichwa hakigusi chini. Hiyo ni judo, ile aliyoianzisha Jigoro Kano kule Japani mwaka 1882. Masika haya binti aliteleza kwenye kiteremko cha nyumbani (tope la Mbeya mnalijua), akaanguka vilevile alivyofundishwa, akainuka na matope tu. Kwangu ada ilisharudi hapo.

La pili ni kushikwa mkono. Mwalimu anaonyesha kwamba mshiko wa mtu unaachia upande wa dole gumba: zungusha mkono kuelekea huko, vuta kwa mwili mzima, kimbia. Halafu sauti. Aliwakataza kupiga kelele za "Niache!", kwa sababu mtu mzima akimburuta mtoto anayelia, wapita njia husema ni mzazi na mwanawe, katoto kamedeka. Wapige "Simjui huyu! Simjui!" Hebu fikiria pale Kabwe, hapa mjini, jioni, bajaji zinapiga honi, kila mtu ana haraka zake, utaona maneno hayo yanavyogeuza vichwa. Amewakaririsha pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na kuwaambia kwamba anayewasumbua akiwa ni mtu wa nyumbani, mateke hayasaidii. Mwambie mtu mzima, asiposikia mwambie mwingine.

Kuchanganya mitindo nako kuna maana yake. Karate inakufaa adui akiwa bado mbali, judo akishakukumbatia, na mkishafika chini ndiyo zamu ya jujitsu ya Brazil, ile ya familia ya Gracie, ambayo nayo ilichipuka kwenye judo. Ubaya ni kwamba kila kitu kinaguswa juujuu. Mwenye mtoto anayeota kushindana, judo na taekwondo ziko Olimpiki, amtafutie klabu ya mchezo mmoja.

Sasa malalamiko. Kwenye pambano la mazoezi, yule mwanangu mdogo wa miaka 6 alipangwa na kijana wa darasa la saba, na ngumi za kichwani zilikuwa ruksa kwa kuwa wamevaa kofia. Kofia ya sponji inapunguza michubuko. Ubongo kutikisika ndani ya fuvu haiuzuii. Nilipomfuata mwalimu akanijibu, "Mama, hawa wanacheza tu, nawaambia wapunguze nguvu." Nikashikilia hapohapo. Amekubali nusu: kichwa sasa ni marufuku kwa watoto, lakini wakubwa na wadogo bado wanachanganywa.

Halafu kabali. Vyama vingi vya judo havimruhusu mtoto mdogo kukabwa shingo wala kupindwa kiwiko. Huyu alifundisha kabali, na ikajaribiwa sebuleni kwangu jioni hiyohiyo. Aliyekabwa mnamjua.

Mtihani wa mkanda una ada yake ya pembeni, uliza mapema. Na Juni hadi Julai, kwenda peku asubuhi kwa baridi yetu hii, mfungashie soksi za kuvaa akimaliza.

Kinachonibakisha pale ni benchi la wazazi. Unakaa, unaangalia mwanzo hadi mwisho, hakuna anayekukodolea macho. Kuna sehemu nyingine nilikwenda kuulizia, wakaniambia nimwache mtoto nirudi jioni, wazazi wanawasumbua. Sikuendelea na maongezi.

Binti anaendelea. Mdogo nimemtoa kwanza. Mwalimu anasema baada ya likizo atawatenga walio chini ya miaka 8 wawe na saa yao, bila mapambano. Akifanya hivyo nitamrudisha.